Ubao wa Vikombe Ulivyoota Milango

Wewe hapo, uliyekumbatia magoti na kujifanya moto ndio umekuchukua macho, nijibu: kwenu kuna kabati? Lina mlango? Na huo mlango, nani aliuomba?

Haya. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Msinung'unike kama mnakula mihogo ya moto. Semeni: pakawa ubao! Ubao mtupu, usio na mlango, usio na bawaba, usio na kufuli.

Hapo zamani, zamani ile ambayo mtu na mnyama walikopeshana chumvi na kugombea mpaka wa shamba kwa lugha moja, palikuwa na mji uitwao Kitopeni. Katikati ya mji, uani kwa Jumbe Mbaruku, palisimama ubao mrefu juu ya miguu minne. Na juu ya ubao, vikombe.

Msidhani ni vikombe vya kumkirimu mgeni. Kitopeni walikuwa na desturi yao. Kila aliyehitimu kazi, iwe kuezeka, iwe kufua chuma, iwe kukanda migongo ya wazazi, alifinyanga kikombe chake mwenyewe, akachora ubavuni alama ya kazi yake, akakiweka ubaoni mbele ya macho ya wote. Mwenye shida hakuzunguka mji mzima akipiga hodi. Alikwenda ubaoni, akatazama, akachagua kikombe, akakitia maji, akanywa hadharani. Basi! Ukinywea kikombe cha mtu umemwita kazini. Yeye hana ruhusa ya kukataa, na wewe huna ruhusa ya kusema hukumwita. Hapakuwa na maombi, hapakuwa na intavyu, hapakuwa na ile "nenda nyumbani, tutakupigia."

Lakini desturi tamu huwa na kokwa ndani yake. Kikombe kilichowekwa ubaoni baada ya masika, kikakaa mpaka tone la kwanza la vuli bila mdomo wa mtu kukigusa, kilivunjwa. Na mwenye kikombe hicho alirudi jikoni kwa mama yake, akawa anatumwa chumvi na kubebeshwa mtungi kama mtoto, mpaka ajifunze kazi nyingine kabisa.

Jina la ubao ule lilitoka mbali. Korongo ndiye aliyelileta, yule ndege mwenye miguu ya fito anayekwenda Ulaya na kurudi kila mwaka, na kila akirudi pua inakuwa imerefuka kidogo. Siku moja alitua uani kwa Jumbe, akautazama ubao, akapiga makofi ya mdomo: ta-ta-ta-ta!

"My goodness! Huko kwa watu wa Uingereza wanao kama huu. Ubao wa kupangia vikombe, mgeni akiingia avione. Wanauita cup board. Cup, kikombe. Board, ubao. Very simple!"

Wakitopeni wakajaribu. Kapubodi. Kababodi. Kababadi. Bibi mmoja akasema ulimi wake una kazi nyingine za kufanya, akaita kabati, akaondoka zake. Likabaki kabati.

Sasa, katika mji huo alikuwako binti wa kimhanga, jina lake Chausiku. Mhanga mnamjua: masikio ya sungura, pua ya nguruwe, kucha za jembe. Mungu alipomuumba alikuwa na haraka, lakini kucha alizifanya kwa utulivu. Chausiku alisomea visima. Si kuchimba tu shimo, shimo hata panya anachimba. Alisomea mahali maji yanapolala, namna ya kujengea kuta kwa mawe zisikuangukie, na namna ya kusikiliza ardhi kabla haijabomoka. Alisoma mpaka rika lake wakaoa na kuolewa, na yeye bado yumo shimoni na mwalimu wake, kichwa chini.

Alipohitimu, alichukua udongo wa chini kabisa ya kisima chake cha kwanza, ule wa buluu iliyopauka, akafinyanga kikombe. Kizuri hakikuwa. Kilinepa upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Akachora ubavuni kamba na ndoo. Mama yake akapiga vigelegele, akampaka mafuta, wakaongozana hadi uani, na Chausiku akakiweka kikombe chake mwanzoni mwa ubao, mahali pa kuonekana.

"Sasa tungoje," alisema mama.

"Hatutangoja sana, mama. Kile kisima cha mji kinajaa mchanga. Watanihitaji."

Masikini, msomi! Hakumhesabu Mzee Fungo.

Mzee Fungo alikuwa mpangusaji wa vikombe. Ndiyo kazi yake, basi: kitambaa na ndoo. Mmemwona fungo? Madoadoa mwilini, kitambaa cheusi machoni kama mtu anayemkwepa anayemdai, na harufu nzuri inayomtangulia hatua nyingi, ili ujue mkubwa anakuja. Siku ya pili tu, Chausiku akamkuta anagongomea mbao nyuma na ubavuni mwa ubao.

"Shikamoo, Mzee Fungo. Hizo mbao za nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kwa ajili ya vumbi tu."

"Na kikombe changu?"

"Kipo salama."

Kweli, vumbi lilikuwapo. Watu wakamsifu Fungo kwa bidii. Mwezi ulipogeuka, Chausiku akamkuta anatia milango miwili mbele, ya mninga, imechongwa maua.

"Shikamoo, Mzee Fungo. Hiyo milango ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kwa ajili ya nzi tu."

"Na kikombe changu?"

"Kipo salama."

Kweli, nzi walikuwapo. Watu wakamsifu Fungo kwa usafi. Mwezi ulipogeuka tena, kufuli la chuma likaning'inia, na ufunguo wake ukaning'inia shingoni kwa Fungo.

"Shikamoo, Mzee Fungo. Hilo kufuli la nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kwa ajili ya wezi tu."

"Mwizi gani anaiba kikombe cha mtu mwingine? Atafanya nacho kazi ya nani?"

Fungo akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeshiba. "Mwanangu, wewe umesoma sana. Kusoma sana kunaleta maswali. Kikombe chako kipo salama."

Na watu wakamsifu Fungo kwa uangalifu! Hapo ndipo Wakitopeni walipokosea, na ni kosa la watu wenye adabu. Kila mbao ilikuja na sababu nzuri, na nani atasimama kutetea vumbi? Nani ataunda chama cha kuwapigania nzi?

Tangu siku hiyo, mwenye shida hakwenda tena ubaoni kutazama. Alikwenda kwa Fungo kueleza. Fungo alisikiliza, akajikuna kidevu, akafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akapapasa, akatoa kikombe. Na ajabu ya Mola, mkono ule ulipapasa kila siku palepale. Fundi wa kuezeka? Kikombe cha shemeji yake Fungo. Mkunga? Kikombe cha mke mdogo wa Fungo. Mganga wa meno? Kikombe cha binamu yake Fungo, ambaye mwenyewe alikuwa kibogoyo.

Chausiku alikwenda asubuhi, akapewa salamu. Alikwenda mchana, akapewa kivuli akae. Alikwenda jioni, akapewa jibu.

"Nikwambie ukweli, binti," Fungo alisema akipangusa kufuli. "Tatizo lako ni uzoefu. Kikombe chako kimewahi kunywewa?"

"Kitanywewaje na wewe umekifungia?"

"Unaona? Hakijawahi. Mimi siwezi kumtolea mtu mzima kikombe ambacho hakijawahi kunywewa. Nitaonekanaje? Nenda kwanza kikanywewe, halafu urudi, nitakitoa."

"Nikakinywesheje, na kimo ndani?"

"Hayo sasa ni ya kwako. Vijana wa leo mnataka kutafuniwa kila kitu."

Chausiku alirudi nyumbani masikio yamelala. Mama yake alikuwa anachambua mchicha.

"Mwenzio mke wa Kobe kampelekea Fungo asali," mama alisema bila kuinua macho.

"Nasikia."

"Na Nguchiro kampelekea mayai. Eti chai ya mzee."

"Mama!"

"Mimi sijasema kitu. Nimetaja mayai tu. Mtu hawezi kutaja mayai ndani ya nyumba yake?"

"Nimefinyanga kikombe, mama, sikufinyanga mzinga. Kama ni asali inayochimba visima, basi wamshushe nyuki."

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka, maana nje upepo ulikuwa umeanza kugeuka, na kila aliyeishi Kitopeni alijua upepo ukigeuka vuli haiko mbali. Alikitazama kile kimtungi kidogo pembeni ya jiko, kile alichokibeba Chausiku utotoni, akakisukuma nyuma ya gunia binti asikione. Lakini binti alikwisha kukiona.

Siku zikaenda, na kisima cha mji kikaziba kabisa. Ukishusha ndoo, inarudi na mchanga na chura aliyekasirika. Jumbe Mbaruku, mtu mkubwa wa tumbo na wa sauti, akamtuma mtu kwa Fungo: nataka mchimba kisima, leo!

Fungo akafungua kiasi cha mkono. Akapapasa. Akatoa kikombe cha mpwa wake, Ngawa.

Ngawa huyo alihitimu kupanda mipapai. Lakini kikombe chake kilikuwa kizuri, jamani! Chembamba, kimepakwa rangi, na ile alama ya papai ubavuni, ukiitazama kwa mbali na njaa kidogo, unaweza kusema ni ndoo. Jumbe akanywa hadharani. Ngawa akaitwa. Na kwa kuwa desturi ya Kitopeni inasema anayemwita mchimbaji ndiye anayevuta ndoo za tope, Jumbe mwenyewe akafunga shuka kiunoni na kushika kamba, akihema kama mvukuto wa fundi chuma.

Chausiku akaenda kutazama. Akalaza sikio chini.

"Ngawa, kaka yangu, hizo kuta hujaziwekea mawe. Zinalia."

"Dada, mwenye kazi ni mimi ama ni wewe?"

"Ni wewe."

"Basi acha niipige kazi. Kuta hazilii, wewe ndiye unayelia."

Watu wakacheka. Hata Chausiku alicheka kidogo, maana lilikuwa jibu zuri. Lakini alirudi nyuma hatua kadhaa.

Ngawa alipofika chini, Fungo akaja kuukagua ufundi wa mpwa wake. Akainama ukingoni, kifua mbele, ili watu waone anavyokagua. "Safi sana, mjomba wako naona—" Na ile kamba ya shingoni, iliyosuguliwa na kiburi chote kile, ikakatika. Ufunguo ukaruka ting! ting! ting! mpaka chini. Ngawa aliposikia kitu kinamjia kichwani alifanya jambo moja alilohitimu: alipanda. Alipanda ile kamba kama mpapai, akatoka juu mweupe kwa woga, na nyuma yake kuta zote zikaporomoka, bwaaa! Kisima kikafunga mdomo, na ufunguo ukabaki tumboni mwake.

Basi Kitopeni wakasimama wanatazamana. Kisima hakuna. Maji ya karibu ni ya kijito cha Mkuyuni, nusu siku kwa miguu, na yana chumvi ya kukukunja uso.

Jumbe akafuta jasho. "Mwiteni yule binti wa kimhanga."

Chausiku akaja. Jumbe akakohoa, akaanza:

"Binti, mji wako unakuita. Shuka utuchimbulie kisima, na ufunguo umo humo. Fanya kwa uzalendo."

Chausiku akapiga goti kwa heshima. "Jumbe wetu, mimi niko tayari. Lakini kikombe changu, nani kakinywea?"

Watu wakanong'ona. Jumbe akamgeukia Fungo, Fungo akamnong'oneza.

"Binti," Jumbe akaendelea, "shuka kwa kujitolea. Hutapata kitu, lakini utapata uzoefu."

"Jumbe wetu, uzoefu ni mzuri. Lakini kikombe changu, nani kakinywea?"

Watu wakanong'ona zaidi. Fungo akanong'oneza tena.

"Binti," sauti ya Jumbe sasa ilikuwa imekauka, "shuka kwanza. Ukitoka na ufunguo, tutafungua kabati, tutatoa kikombe chako, tutakinywea. Si ni mamoja?"

"Si mamoja, Jumbe wetu. Ukishapata ufunguo na maji, kiu ya kuninywea utaitoa wapi? Kikombe changu, nani kakinywea?"

"Jeuri!" Fungo akalipuka. "Huyu ni jeuri! Kikombe kimo kabatini, ufunguo umo kisimani, kisima hakichimbiki mpaka anywewe, hanywewi mpaka kabati lifunguke. Sasa anataka tufanye nini?"

"Ooh," Chausiku akasema taratibu. "Kumbe sasa unaona inavyozunguka. Mimi nimo ndani ya mzunguko huo tangu masika, Mzee Fungo. Karibu."

Palicheka watu siku hiyo! Hata Jumbe tumbo lilitikisika, kabla hajakumbuka cheo chake.

Lakini Fungo si wa kushindwa na kicheko. Akanyoosha mkono juu ya vilima. "Jumbe wetu, tazama kule. Mawingu! Vuli hiyo inakuja. Tuvumilie kidogo tu. Mvua ikinyesha, mapipa yatajaa, kisima tutakichimba kwa nafasi. Na huyu," akamwonyesha Chausiku kwa kidevu, "desturi itamshughulikia."

Chausiku akayaona mawingu. Yalikuwa meusi kweli, yamejikunja juu ya vilima. Tone moja tu, na kikombe chake kinavunjwa. Miaka yote ya kichwa chini shimoni, kisha atumwe chumvi. Akazificha kucha zake ndani ya khanga. Mama yake, nyuma ya watu, akaita kwa sauti ndogo: "Shuka tu, mwanangu. Shuka, yaishe."

Na nusura ashuke. Msimcheke. Alikwisha kupiga hatua moja.

Ndipo kitu kikapita juu yao, fyuuu, kikatua uani, miguu kwanza, heshima baadaye. Korongo! Kutoka Ulaya, amechakaa, manyoya yamejaa mchanga.

"Hello, hello, jamaa! Nipeni maji."

"Hatuna," Jumbe akajibu. "Tunangojea mvua hiyo."

Korongo akageuka kuyatazama mawingu, akapiga mdomo ta-ta-ta-ta mpaka akashika mbavu. "Yale? Nimepita katikati yake leo asubuhi! Hamna hata machozi. Ni vumbi la jangwani limejivika kanzu nyeusi. Mvua ya kweli nimeiacha nyuma sana, inatembea kama bwana harusi." Kisha jicho lake likaangukia kabati. "Na hili sanduku je?"

"Ndiyo cup board uliyotutajia," Fungo akasema, kifua mbele.

"Nani, mimi? No, no, no. Mimi nilisema ubao. Ubao wa kuonyeshea! Huko lilikotoka neno lenyewe, tajiri alipanga vikombe vyake juu ya ubao mtupu, mgeni aone. Aliyevificha, watu walisema hana." Akashusha sauti, akawa Korongo wa umbea. "Ila nisiwadanganye. Huko nako walitia milango baadaye. Sijui nani aliwaambia habari za vumbi. Na tangu walipotia milango, neno limeharibika. Leo ukifungua cup board la Mwingereza unakuta fagio, viatu vya marehemu, kila kitu isipokuwa kikombe. Mtu akiwa na dhambi ya zamani, wanasema ana mifupa humo ndani. Na paka akijisugua miguuni kwa mtu kwa sababu anajua samaki amewekwa wapi, mapenzi hayo wanayaita cupboard love."

"Hayo ya mwisho hata sisi tunayo," mama Chausiku akasema kwa sauti, akimtazama mke wa Kobe. "Sisi tunayaita asali."

Jumbe Mbaruku akalamba midomo. Ilikuwa imepasuka kama kiwanja cha kiangazi. Akaitazama milango ya mninga, maua yake, kufuli lake. Akamtazama Chausiku, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mbele na mmoja nyuma.

"Ngiri," akamwita yule aliyesimama nyuma ya watu. "Meno yako yako wapi?"

"Yapo, Jumbe."

"Ng'oa milango."

"Jumbe wetu!" Fungo akapiga kelele. "Vumbi! Nzi! Wezi!"

"Ng'oa."

Ngiri akatia meno chini ya bawaba, akavuta mara moja, akavuta mara mbili, akavuta mara ya tatu, na milango ikaja mzimamzima, krrrap, ikalala chali uani na maua yake. Watu wote wakasogea.

Mbele, juu ya kitambaa cheupe, vilikaa vikombe vya shemeji, vya mke mdogo, vya binamu kibogoyo. Nyuma, gizani, vimepinduliwa na kubebana kama samaki kapuni, vikombe vya mji mzima, na vumbi, vumbi lilelile lililofanyiwa mbao, limekaa juu yake unene wa kidole. Watu wakawa wanaitana: "Hiki changu! Hiki cha marehemu baba!" Fundi chuma mmoja akakikumbatia chake akalia waziwazi.

Lakini kile cha buluu, kilichonepa kama shavu lenye jino bovu, hakikuwa nyuma wala hakikuwa mbele. Kilikuwa pembeni peke yake, kimesimama wima. Hakikuwa na vumbi. Chausiku akakitwaa. Akakinusa. Akampa Jumbe anuse. Jumbe akampa Korongo.

"Pombe ya asali," Korongo akasema. "Tena nzuri."

Na ukingoni, pale mdomo unapogusa, palikuwa pamesuguliwa, pameng'aa, kama jiwe la mlangoni mwa nyumba yenye watoto wengi.

Chausiku akauliza, polepole, kwa mara ya mwisho: "Kikombe changu, nani kakinywea?"

Harufu nzuri ya Mzee Fungo, iliyoganda hata ukingoni mwa kikombe, ilijibu yenyewe, maana watu wote walikuwa wamegeuza pua upande mmoja.

"Ule udongo wa chini," Fungo akanong'ona. "Unapoza kinywaji vizuri mno. Nilisema kipo salama, sikusema kipo kikavu."

"Umenywa lini?"

"Jioni… jioni hivi."

"Jioni gani?"

"Jioni… zote."

Weeee! Kicheko kilichotoka hapo kilimwamsha popo. Maana desturi haikuwa na kona: awe hadharani au gizani, anayenywea kikombe cha mtu amemwita kazini, na anayemwita mchimbaji ndiye anayevuta ndoo. Fungo alikuwa amemwita Chausiku kila siku ya Mungu, akamjibu kila siku ya Mungu kwamba hana uzoefu.

"Binti," Jumbe akasema, na safari hii hakukohoa, "kumbe una uzoefu kuliko mji mzima. Umeitwa. Nenda kazini. Na wewe, Fungo, shika kamba."

Chausiku akajifunga khanga kiunoni, akashuka kichwa chini. Alichimba na kujenga, akachimba na kujenga, jiwe juu ya jiwe, na kuta hazikulia. Juu, Fungo alivuta ndoo za tope. Alivuta mpaka madoadoa yakapotea, mpaka ile harufu nzuri ikawa harufu ya chura. Kila ndoo ikifika juu, Ngawa, mpwa wake, aliimwaga na kumtia moyo: "Kaza, mjomba. Hutapata kitu, lakini utapata uzoefu."

Maji yalikuja yakiimba. Chausiku akatoka na matope mpaka masikioni, mkono mmoja umeshika ufunguo. Jumbe akateka maji ya kwanza, akayatia katika kile kikombe cha buluu, akanywa mpaka mwisho, mbele ya wote. Mama yake Chausiku akakichukua kile kimtungi kidogo, akampa mtoto wa jirani achezee. Na vuli ilipofika kweli, haikukuta kikombe cha kuvunja.

Milango ya mninga haikutupwa. Waliilaza juu ya mdomo wa kisima, ikawa kifuniko: kwa ajili ya vumbi, kwa ajili ya nzi, na usiku kwa ajili ya watoto wasitumbukie. Kazi halali, hatimaye.

"Na ufunguo wangu?" Fungo akauliza, akichuruzika tope.

Chausiku akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Shika, mzee. Ni wako. Nenda ukautafutie mlango."

Hilo ndilo kosa la Chausiku, na hadi leo tunalilipa. Maana Fungo alikwenda! Aliuvaa shingoni, akavuka vilima, na kila alipokuta ubao ulio wazi alianza upya: vumbi, nzi, wezi. Wajukuu wake wakasoma kazi hiyo, wakahitimu, wakapata ofisi. Leo ukiingia unanusa kwanza harufu nzuri, kisha unaliona kabati limesimama ukutani, refu, limefungwa, na mbele yake kuna mtu anakuuliza kama umewahi kunywewa.

Ngano yangu nimeifikisha hapo, uani, ubao ukiwa wazi. Haitavuka hapo kwa miguu yake, kwa hiyo waliobaki na funguo shingoni wanisikilize. Ninyi, waheshimiwa, mameneja, wakurugenzi, wajomba wa Ngawa: hatukuja kuomba asali yenu, wala kuwaletea mayai. Vikombe vyetu vimo humo ndani, tulivifinyanga wenyewe, tukiwa kichwa chini. Msituambie vipo salama. Ng'oeni milango, vipangeni ubaoni, mji mzima uone. Na mnaokunywa jioni kwa siri, mjitaje, mje mshike kamba.